Vikopo vya kunyonya unyevu kabatini: vinafaa, ila si dawa ya ukungu
Kwa kabati la nguo linalofunga vizuri, vikopo hivi vya chembe nyeupe za kloridi ya kalsiamu vinafanya kazi kweli. Chembe zinanyonya unyevu wa hewa, zinayeyuka, na maji ya chumvi yanajikusanya chini. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, kikague kila wiki; chembe zikiisha, nunua kingine, maana hazianikwi zikatumika tena. Kwa chumba kizima cha Dar chenye madirisha ya nyavu ni kazi bure: unyevu wa bahari unaingia kwa kasi kuliko kikopo kinavyoumeza.

Kosa kubwa ni kukiweka juu ya nguo. Kikipinduka, maji yale yanaharibu viatu vya ngozi na kutia bawaba kutu. Kikae chini kabisa, ndani ya bakuli la plastiki, watoto wasipofika.

Ukungu uliokwisha kuota hakiui. Vaa barakoa, futa mbao kwa maji na sabuni, zikaushe kabisa kwa feni, sogeza kabati sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani, ndipo ukiweke. Kama bomba linavuja ukutani, pesa hiyo mpe fundi kwanza.