Bodi gani ununue kwa ubao wa taa za LED: hesabu baiti kabla ya kutoa pesa

Kijana mmoja alikuja kwenye meza yangu na paneli ya taa za rangi ya 64 kwa 32, bodi ndogo ya kuiendesha iitwayo Arduino Uno, na picha ya bendera ya Tanzania aliyoichora mwenyewe pikseli kwa pikseli. Macho mekundu, amekesha. Kila akiwasha, rangi zinatapakaa ovyo, kisha bodi inajizima na kuanza upya.

"Kaka, wameniuzia paneli mbovu."

"Paneli nzima, mdogo wangu. Picha yako ndiyo haina pa kukaa."

Tukachukua kalamu. Safu 32 zenye pikseli 64 kila moja ni pikseli 2,048. Kila pikseli ya rangi kamili inataka baiti tatu: nyekundu moja, kijani moja, buluu moja. Jumla baiti 6,144. RAM yote ya Uno, yaani kumbukumbu ya kazi inayofutika umeme ukizimwa, ni baiti 2,048. Alikuwa anamimina ndoo tatu kwenye ndoo moja, na programu ikishaanza kukimbia, Uno haina mlinzi wa kumwambia imejaa. Data inafurika, inakula sehemu ambayo programu yenyewe inaitegemea, na mambo yanaharibika bila ujumbe wowote.

Nauza na kutengeneza mabango ya LED, ya maduka, saluni na misikiti, na kosa hili nimeliona mara nyingi kuliko waya uliokatika. Ndiyo maana naandika mwongozo huu. Watu wananunua bodi kwa kusikia jina lake, kisha wanalaumu taa.

Picha inakaa mahali pawili

Shika jambo hili kwanza, maana orodha yote huko chini imesimama juu yake. Kuna picha iliyohifadhiwa, na kuna fremu inayoonyeshwa sasa hivi. Picha iliyohifadhiwa haibadiliki, kwa hiyo inaweza kukaa kwenye flashi, pale programu yako inapokaa hata umeme ukikatika. Fremu inabadilika kila mara, kwa hiyo lazima ikae kwenye RAM.

Ya kwanza unaweza kuibana kwa ufundi mpaka ushangae. Ya pili haibaniki sana. Hiyo ndiyo unayoinunua.

Bendera ya yule kijana ina rangi nne tu: kijani, njano, nyeusi na buluu. Rangi nne zinahesabika kwa biti mbili (baiti moja ni biti nane). Badala ya baiti tatu kwa kila pikseli, unaandika namba 0 hadi 3, na pembeni unaweka jedwali dogo la rangi lenye baiti 12. Picha nzima inashuka kutoka baiti 6,144 hadi 512, na jedwali juu yake inakuwa 524. Tukaiweka kwenye flashi, ikaingia bila shida. Hata hivyo paneli haikuonyesha kitu, kwa sababu fremu yenyewe, hata ukipunguza rangi hadi biti 12 kwa pikseli, inataka baiti 3,072. Uno haina. Hapo ndipo alipoelewa kwamba lazima arudi dukani.

Taa uliyonayo ndiyo inayochagua bodi

Moduli za rangi moja zenye chipu ya MAX7219, zile za 8 kwa 8, zinajitunzia zenyewe. Chipu inakumbuka baiti zake nane na kuendelea kuwasha taa hata bodi ikiwa inafanya kazi nyingine. Moduli nne zikipangwa mstari ni baiti 32. Bodi yoyote inazimudu.

Paneli za P10 za rangi moja, zile nyekundu za 32 kwa 16 zinazotembeza maandishi juu ya milango ya maduka, zinataka baiti 64 kwa paneli moja, kwa kuwa kila taa ni biti moja: imewaka au imezimwa.

Taa za WS2812B, zile za rangi zenye chipu ndani ya kila taa, zinakumbuka rangi yake kila moja, lakini bodi bado inatunza nakala ya baiti tatu kwa kila taa kabla ya kutuma. Ubao wa 16 kwa 16 ni baiti 768. Ubao wa 32 kwa 32 ni baiti 3,072, na Uno inaaga hapo.

Paneli za rangi za HUB75 (jina la soketi yao ya data), kama ile ya yule kijana, ndizo zenye njaa kuliko zote. Hazikumbuki picha kabisa. Ile ya 64 kwa 32 kwa kawaida inawasha safu mbili tu kwa wakati mmoja, kisha mbili zinazofuata, haraka kiasi kwamba jicho linaona picha nzima. Bodi ikisimama kidogo kufanya jambo lingine, picha inacheza au inabaki mstari mmoja unaong'aa. Kwa hiyo hapa unanunua RAM pamoja na kasi.

1. ESP32 ya kawaida

Kwa mtu anayetaka paneli moja au mbili za rangi, na kubadilisha tangazo kwa simu bila kupanda ngazi, hii ndiyo ya kwanza. Ina Wi-Fi, ina viini viwili vya megahezi 240, na bodi nyingi zinakuja na flashi ya megabaiti 4.

Kwenye maelezo utaona imeandikwa kilobaiti 520 za RAM. Usipige hesabu na namba hiyo. Sehemu ya data ni kama kilobaiti 320, kati ya hizo kilobaiti 160 tu ndizo unaweza kuzitenga moja kwa moja wakati wa kukompaili (kugeuza msimbo kuwa programu), na Wi-Fi ikiwashwa inachukua fungu lake. Hata hivyo zinatosha. Njia nzuri ya kuendesha HUB75 kwenye ESP32 ni kupanga fremu kwenye RAM na kuiacha DMA, sehemu ya chipu ya kuhamisha data, iisukume nje yenyewe, prosesa ikiwa huru. Paneli ya 64 kwa 32 kwa biti 8 kila rangi inakula baiti 16,384 kwa mtindo huo. Ukitaka fremu mbili, moja ikionyeshwa na nyingine ikichorwa ili picha isikatike katikati, ni 32,768.

Ukiunganisha paneli nyingi RAM ikabana, shusha biti za rangi kutoka 8 hadi 5. Fremu moja inakuwa baiti 10,240. Kwa maandishi, nembo na bendera hakuna mteja atakayeona tofauti. Kwenye sura ya mtu ataiona, rangi ya ngozi inatoka mabaka mabaka.

Tahadhari kubwa: jina ESP32 limekuwa la ukoo mzima. Kwa njia hii ya DMA chukua ESP32 ya asili au S3. Kuna C3, ndogo na nafuu, inayofaa taa za WS2812B, lakini haina njia ya kusukuma data sambamba inayohitajika kwenye HUB75. Muuzaji akikuambia "zote ni ESP32 tu", soma maandishi juu ya kifuniko cha chuma. Na ukiona S3 imeandikwa N16R8, maana yake flashi megabaiti 16 na RAM ya nyongeza megabaiti 8. Watu wengi wanadhani 16 ile ni RAM.

2. Raspberry Pi Pico

Kama huhitaji Wi-Fi, mimi binafsi ningeiweka sawa na ya kwanza. Ilitoka Januari 2021 kwa bei ya dola 4, ikiwa na RAM ya kilobaiti 264 na flashi ya megabaiti 2. RAM hiyo unaitumia karibu yote, hakuna Wi-Fi ya kugawana nayo. Pico 2 iliyotoka 2024 ina kilobaiti 520 na flashi ya megabaiti 4.

Ninachokipenda zaidi ni PIO, vimashine vidogo vinane ndani ya chipu vinavyotuma ishara kwa wakati kamili bila kumsumbua prosesa. WS2812B inataka kila biti ipite kwa maikrosekunde 1.25, na PIO haikosei hata programu yako iwe na shughuli nyingi kiasi gani. Nimeweka Pico ya pili kwa sababu moja tu: wateja wengi, wiki mbili baada ya kufungiwa bango, wanauliza kama wanaweza kubadilisha maneno kwa simu. Ukijua hilo mapema, chukua Pico W, ile yenye Wi-Fi.

3. Arduino Uno na Nano

Usizidharau. Kwa bango la rangi moja bado ni kazi yao, na kama unayo kabatini huna haja ya kununua kitu. Bango la nyakati za swala lenye P10 nne ni baiti 256 za fremu, au 512 zikiwa fremu mbili. Zinabaki zaidi ya 1,500 kwa saa na mambo mengine.

Kinachowaangusha watu ni flashi ya kilobaiti 32 kukaa bure huku RAM ikifurika. Kwenye chipu hii ya ATmega328P, jedwali la picha ulilolitangaza kuwa halibadiliki linanakiliwa kwenye RAM bodi inapowaka, isipokuwa umeliandikia PROGMEM, neno la kuliambia libaki kwenye flashi, na kulisoma kwa pgm_read_byte. Hata sentensi unazoonyesha zinanakiliwa. Zifungie ndani ya F( ). Kwenye ESP32 na Pico, data isiyobadilika inabaki kwenye flashi yenyewe bila kuambiwa.

Angalia pia fonti. Fonti ya 5 kwa 7 yenye herufi na alama 96 inakula baiti 480. Sisi hatuna haja ya zote. Kiswahili hakitumii Q wala X, na hakina vistari juu ya herufi. Ukiandika kwa herufi kubwa tu, na kuweka tarakimu kumi na alama chache, unabaki na maumbo kama 40, yaani baiti 200. Mimi nina fonti yangu ya namna hiyo na ninaitumia kila bango, labda mteja awe na jina la kigeni.

Ukinunua Nano za bei ya chini sana, soma chipu kwa kioo cha kukuza. Zipo zinazokuja na ATmega168, yenye flashi kilobaiti 16 na RAM kilobaiti 1, nusu ya unayodhani umenunua.

4. Teensy 4.1

Bodi bora kwa nguvu kuliko zote hapa: megahezi 600, RAM kilobaiti 1,024, na sehemu ya kadi ya SD papo hapo. Ukijenga ukuta wa paneli nyingi unaocheza video, nenda nayo moja kwa moja. Imeshuka hadi ya nne kwa sababu ya bei, ambayo ni mara kadhaa ya Pico, na bango la duka halihitaji hata robo yake.

5. Arduino Mega 2560

Hii ndiyo yule kijana alishauriwa dukani anunue, nami nikamzuia. RAM yake ni kilobaiti 8, kwa hiyo fremu ya 64 kwa 32 ya biti 12 inaingia, hata mbili zinaingia na kubaki kilobaiti 2. Lakini kasi ni ileile ya Uno, megahezi 16, na sehemu kubwa ya muda wake inaishia kuwasha safu za paneli. Flashi ni kilobaiti 256, ila picha zikivuka kilobaiti 64 za mwanzo, pgm_read_byte ya kawaida haifiki, unalazimika kutumia njia nyingine ndefu zaidi. Unalipa zaidi ya ESP32 na kupata kidogo.

Ukishanunua, bado bana picha

Hesabu rangi kabla ya kuhifadhi. Rangi nne, biti mbili. Rangi 16, biti nne, na picha ya 64 kwa 32 inakuwa baiti 1,024. Nembo nyingi za biashara zinaingia humo.

Njia ya pili ni kuandika mfululizo: badala ya kutaja kila pikseli, unaandika "kijani mara 20, njano mara 4". Kwenye bendera ya Tanzania safu yoyote haivuki vipande vitano, kila kipande baiti mbili, kwa hiyo safu 32 hazizidi baiti 320, chini ya zile 512. Bendera ya Kenya inabanika vizuri juu na chini, kwenye milia mitupu, lakini ikifika kwenye ngao vipande vinaongezeka na faida inapungua. Picha ya kamera haibaniki hivi kabisa, inaweza hata kuongezeka ukubwa. Hiyo iweke kwenye kadi ya SD usome safu moja moja.

Usirudi nyumbani bila hivi

ESP32 na Pico zinatoa ishara ya volti 3.3, wakati WS2812B ikilishwa volti 5 inataka angalau 3.5 ili isome sawasawa. Nunua chipu ya kupandisha ishara hiyo hadi volti 5: 74AHCT125, au 74HCT245 kwa paneli za HUB75 zenye nyaya nyingi. Wengine wanabahatika bila hiyo, kisha jua likipanda taa zinaanza kumeta zenyewe.

Na adapta. WS2812B moja ikiwaka nyeupe kabisa inaweza kula miliampea 60, kwa hiyo taa 256 ni zaidi ya ampea 15. Usipitishe umeme huo kwenye bodi hata kidogo. Uchukue moja kwa moja kutoka kwenye adapta, waya mnene, na uunganishe hasi ya adapta na hasi ya bodi. Kwa paneli moja ya HUB75 ya 64 kwa 32 ninatumia adapta ya volti 5 yenye ampea 4 au zaidi. Yule kijana aliondoka na ESP32, 74HCT245 mbili na adapta ya ampea 5, na jioni hiyohiyo akanitumia picha: bendera imetulia, njano yake imenyooka kutoka kona hadi kona.