Kimya kingi kina mshindo: zana ipi ya kufuatilia seva na mtandao ununue

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji wanaosimamia seva yanafanana mno. Wamelipia zana ya ufuatiliaji, wameiunganisha, dashibodi inavutia, kisha usiku mmoja huduma inazimika na wateja ndio wanaokuja na habari asubuhi. Wakifungua dashibodi wanakuta kijani juu hadi chini. Zana ilikwisha kufa saa nyingi nyuma, na kinachoonekana kwenye skrini ni vipimo vya mwisho ilivyopokea ikiwa hai.

Kwa hiyo sitapoteza nafasi kusifia grafu wala kuhesabu mifumo inayoweza kuunganishwa. Orodha hiyo kila muuzaji anayo. Mimi naanza na swali moja: zana yenyewe ikikata roho, nani atajua? Kimya chake kina maana mbili, ama mambo yote ni mazima ama hakuna anayetazama, na zana isiyoweza kuzitenganisha ni mlinzi aliyelala getini.

Jambo hili limewanasa hata wakubwa. Tarehe 28 Februari 2017 S3, huduma ya Amazon ya kuhifadhi data mtandaoni, ilipoanguka, Amazon ilishindwa kusasisha ukurasa wake wa hali ya huduma, kwa kuwa mtambo wa kuuhariri ulitegemea S3 hiyohiyo. Facebook ilipopotea kwenye intaneti tarehe 4 Oktoba 2021 kwa takriban saa sita, zana za ndani ambazo mafundi wangezitumia kuchunguza hitilafu zilikatika pamoja nayo. Kisa kinachoniuma zaidi ni cha GitLab, huduma ya kuhifadhi misimbo ya programu, iliyopoteza data mwishoni mwa Januari 2017. Utaratibu wa kutengeneza nakala rudufu ulikuwa umeshindwa, na baruapepe za kutoa taarifa hiyo zilikuwa zikikataliwa upande wa mpokeaji. Arifa ilitumwa, haikufika, na hakuna aliyeshtuka kwa kutoipata.

Nafasi ya kwanza: Zabbix. Naipenda na sifichi. Alexei Vladishev wa Latvia aliitoa kwa umma mwaka 2001, na hadi leo ni programu huria. Kuanzia toleo la 7.0 la mwaka 2024 iko chini ya AGPL, mojawapo ya leseni za programu huria. Hulipi kwa kila seva. Kampuni yake inauza usaidizi na mafunzo. Kwenye swali langu inajibu vizuri kuliko wenzake. Violezo vyake vya kawaida, yaani mipangilio iliyokwisha tayarishwa, vinakuja na kanuni ya kukuarifu ajenti (programu ndogo inayokaa kwenye seva na kutoa vipimo) asipopatikana, na ipo amri ya nodata() ya kuuliza kama kipimo fulani kimeacha kufika kwa muda uliouweka. Kuna pia mpangilio ambao watu wengi huupita bila kuuona: unachagua kikundi cha watumiaji watakaopata ujumbe hifadhidata ya Zabbix yenyewe ikianguka. Seva ya Zabbix haiwezi kufanya kazi bila hifadhidata, lakini haizimiki. Inatoa taarifa na kusubiri. Waliotengeneza kitu hicho waliwahi kukesha.

Tangu toleo la 6.0 la mwaka 2022 unaweza kuwa na seva ya akiba inayoshika zamu pale seva ya kwanza inapokufa. Kumbuka tu kwamba zote mbili zinatumia hifadhidata moja, hivyo usiamini umemaliza kazi. Kwa ruta na swichi inasoma SNMP, lugha ambayo vifaa vya mtandao hutumia kutoa vipimo vyake, bila taabu, na unaweza kuieleza kwamba seva hizi zote ziko nyuma ya ruta ile, ili ruta ikikatika upate arifa moja badala ya mia. Ubaya upo: kujifunza kwake kunachosha, na historia ya vipimo hunenepesha hifadhidata haraka usipoweka muda wa kufuta.

Ya pili ni Prometheus, iliyoanzia SoundCloud mwaka 2012 na mwaka 2016 ikawa mradi wa pili wa CNCF, taasisi inayolea programu huria za wingu, baada ya Kubernetes, mfumo wa kuendesha kontena. Kama programu zako zinaishi kwenye kontena, yaani vifurushi vinavyowashwa na kuzimwa kila mara, huenda ukaipandisha juu ya Zabbix na sitakugombeza. Yenyewe ndiyo inayokwenda kuchukua vipimo, na kila safari inaandika kipimo kiitwacho up: 1 ikijibiwa, 0 isipojibiwa. Hilo ni jema. Mtego uko kwenye kanuni za arifa. Ukiandika kanuni ya diski kujaa, na seva ikaondoka kabisa kwenye orodha, kanuni haina data ya kupima, inarudisha patupu, na patupu haipigi kelele. Lazima uongeze kwa mkono kanuni za absent(), zinazolia data isipokuwepo. Kisha tengeneza arifa moja isiyozimika kamwe, ipelekwe kwa huduma iliyo nje ya mtandao wako, na huduma hiyo ikupigie siku arifa itakapoacha kufika. Bila hiyo, Prometheus ikifa inakufa kimya.

Datadog naiweka ya tatu. Sifa yake kubwa ni kwamba inakaa nje ya miundombinu yako, hivyo umeme ukikatika kwako yenyewe iko macho. Lakini angalia kila kanuni kama umewasha arifa ya data kukosekana. Bili ndiyo inayonikera: unatozwa kwa seva, kisha kwa vipimo vyako mwenyewe, kisha kumbukumbu za matukio zinatozwa zikiingia na tena zikiorodheshwa. Siku ya dharura unaongeza seva ili kuokoa huduma, na bili inapanda.

PRTG inafaa ofisi ndogo inayotumia Windows. Vihisi 100 ni vya bure, na kila kihisi hupima kitu kimoja tu, ila swichi moja yenye milango mingi huvimaliza upesi. Uptime Kuma ni ndogo na ya bure. Iweke kwingine iitazame Zabbix.

Wauzaji sasa. Mara nyingi bei haiandikwi, unaambiwa uwasiliane nao. Ukiwasiliana unaonyeshwa data safi ya maonyesho, na ukiuliza swali la kimya unafunguliwa grafu nyingine. Hilo si jibu, na anayelipa hastahili kutendewa hivyo. Dai kipindi cha majaribio kwenye mitambo yako halisi. Zima ajenti kwenye seva moja, kisha zima hifadhidata ya zana, kisha ikatie intaneti seva inayotuma arifa. Pima dakika zinazopita kabla simu ya mtu wa zamu haijalia, na dakika hizo ziandikwe kwenye mkataba kabla hujasaini.