Daftari la sala la siku 30: maoni yangu baada ya kulitumia

Daftari hili nililinunua wakati wa Kwaresima katika duka dogo la vitabu vya dini hapa Moshi, nikitafuta kitu cha kunizuia kushika simu kabla sijasali. Mpangilio wake ni rahisi: Zaburi zote 150 zimegawanywa kwa siku 30, tano kila siku, na chini yake pana nafasi ya kuandika shukrani, toba na majina ya watu wa kuwaombea. Nafasi hiyo ya majina ndiyo iliyonishika, kwa sababu ninapomwona mama mkwe ameandikwa hapo tangu Jumatatu, nashindwa kufunga daftari bila kumpigia kumjulia hali. Kasoro ipo siku ya 24, ambapo Zaburi ya 119, yenye mistari 176, imewekwa pamoja na nyingine nne, kana kwamba msomaji hana ng'ombe wa kukamua. Mimi niliigawa kwa siku tatu. Uzi wa jalada nao ulianza kufumuka wiki ya pili, na muuzaji alikataa kunibadilishia. Hata hivyo karatasi ni nzito, wino haupenyi upande wa pili, na sasa niko mzunguko wa tatu, daftari likiwa limefungwa kwa mpira.