Brauza ya kubana data imenifanya niitwe mwizi Eastleigh

Sitaitaja jina maana sitaki kesi na mtu, lakini mnaijua, ile inajisifu inakata data, iko kwa simu kibao hapa mtaani. Bado niko na hasira, kwa hivyo kama naionea mtanisamehe.

Mimi natengeneza websaiti. Juzi juzi nilimalizia mama mmoja Eastleigh anauza mapazia na mashuka. Mteja anachagua pazia, anaandika namba ya simu, ombi la M-Pesa linamrukia kwa skrini, anaweka PIN, kwisha. Kwa simu yangu ilifanya, kwa simu ya mama ikafanya, kwa iPhone ya binti yake ikafanya. Tukanywa chai nikaenda zangu.

Siku chache hivi naitwa dukani, haraka. Nafika kumejaa wateja, mama hata salamu hana. "Kijana, wewe ni fundi ama ni mwizi?" Mbele ya watu! Kumbe kuna dada wa Rongai amelipia pazia moja mara mbili na amepiga simu analia. Nikauliza ametumia brauza gani, nikaletewa skrinshoti yake, nikaangalia, nikasema pole mama, hapa shida ni brauza. Akanipima juu mpaka chini. "Brauza ndio nani? Si umlete hapa tumuulize." Watu wakaangua kicheko, na kuna mzee alikuwa anapimiwa kitambaa akaongezea ati hawa vijana wa kompyuta wote ni wakora tu. Nimewahi kushushwa matatu Muthurwa kwa kukosa nauli na haikuuma hivyo.

Sasa sikia yenyewe inafanya nini. Chrome, Firefox, Safari, hizo zinachukua ukurasa na kuufungulia ndani ya simu yako. Hii ukiiweka kwa ile hali ya kubana kabisa, ukurasa unafunguliwa kwa seva yao, yaani kompyuta yao huko mbali, JavaScript, ile programu ndogo inayoendesha ukurasa, inakimbia hukohuko kwa muda mfupi halafu inakatwa, na wewe unaletewa kitu kimeshafinywa, karibu picha tu. Ndio maana kwa rekodi za seva yangu dada wa Rongai alionekana yuko ng'ambo. Na ukurasa wangu ukishatuma ombi la M-Pesa unakaa hapo ukiuliza kila baada ya sekunde chache, amelipa? amelipa? mpaka jibu likuje. Huku hakuna wa kuuliza, skripti ililala kitambo. Dada ameweka PIN, meseji ya M-Pesa imeingia, skrini bado inasema "Tunasubiri malipo yako", sasa ungekuwa wewe ungefanya nini, si ungebonyeza tena? Hata alama ya kikapu niliyoitafutia fonti safi ilikuwa kisanduku kitupu, maana fonti za kupakua hapo haitaki kuzisikia.

Kinachonikera zaidi tuliambiwa vita vya brauza viliisha. Wakubwa wetu kwa hii kazi walizeeshwa na Internet Explorer, ile brauza ya zamani ya Microsoft, unaandika ukurasa halafu unaanza kuupiga viraka kwa sababu ya hiyo moja tu, mpaka Microsoft wenyewe wakaistaafisha Juni 2022, na Edge yao tangu 2020 inatumia Chromium, msingi uleule wa Chrome. Tukasema afadhali. Unajaribu kazi yako kwa laptop, unafinya dirisha likae kama simu, unaona kila kitu kiko poa, kumbe hapo umebadilisha upana tu, injini inayofungua ukurasa ni ileile ya laptop na haiwezi kukuonyesha hii balaa.

Nyota moja.

Halafu jioni hiyo niko ndani ya matatu Jogoo Road, jam haisongi, brauza yangu ya kawaida inazungusha kaduara tu, bando yenyewe imebaki punje. Nikaifungua hiyohiyo adui yangu. Habari zote zikafunguka, maandishi yote, na data haikushtuka. Aki nilinyamaza. Mtu ananunua bando ya mbao, shilingi ishirini, asubuhi na inafaa imfikishe usiku, utamwambia aitoe? Sawa, tatu. Wacha iwe tatu.

Lakini nikafika nyumba nikaanza kurekebisha na hasira ikarudi. Nimeweka linki ya kawaida, HTML tupu bila JavaScript yoyote, "Nimelipa, angalia", ukiibonyeza ukurasa unaenda kuuliza seva upya, na hiyo inafanya kwa brauza yoyote. Nimeambia pia seva isikubali ombi la pili la oda hiyohiyo kabla la kwanza halijajibiwa. Usiku mzima huo, na nani analipa? Mama anasema hawezi kulipa mtu kwa kurekebisha wizi wake mwenyewe, na pesa ya dada wa Rongai ilirudishwa kutoka kwa balansi yangu, pamoja na ada ya kutuma. Nyota moja, na sirudi nyuma tena.

Kitu cha mwisho nimefanya, seva inasoma jina ambalo brauza inajitambulisha nalo, ikiwa ni hii basi mtu anaonyeshwa namba ya Till alipe mwenyewe polepole. Inafanya vizuri sana. Leo mama amenipigia tena, anataka kujua kwa nini wateja wengine PIN inawarukia na wengine wanapewa Till, ati nimeanza kubagua watu kwa duka lake.