Miwani ya kuzuia kurukiwa na kemikali: nimeitumia mihula miwili na wanafunzi wa mwaka wa kwanza

Wakuu habari zenu. Hii ni kwa wenzangu mnaoandaa praktiko za kemia vyuoni, na pia kwa mwanafunzi anayeambiwa aje na miwani yake halafu anaingia Kariakoo hajui ashike ipi aache ipi, maana ukiulizia miwani ya maabara unaweza kuwekewa mezani za kuchomelea, za bodaboda na za kukatia vyuma zote pamoja na zote utaambiwa ndo hizo hizo. Mi nimenunua mara mbili. Mara ya kwanza nilikosea na lile kosa lilimfikia mtoto wa watu, ndo maana naandika kwa urefu.

Zile za kwanza zilikuwa za shilingi 3,500. Plastiki laini, zinafunika macho yote, lastiki nyuma, na juu na ubavuni zina matundu madogo madogo yaliyotobolewa moja kwa moja ili hewa ipite. Ukimwangalia mtu aliyevaa unaona yuko salama kabisa. Siku ya taitresheni, yaani kupima asidi na besi kwa kudondoshea moja ndani ya nyingine, binti mmoja akawa anajaza bureti, lile bomba refu jembamba la glasi lenye ngazi za kupimia na koki chini, ikiwa imefungwa juu kwenye stendi, mdomo wa bureti uko usawa wa nywele zake, faneli imekaa imebana haina pa kutolea hewa, hidroksidi ya sodiamu, yaani kostiki soda, ikagoma kushuka, akaongeza, hewa iliyokwama chini ikapanda ghafla ikaisukuma nje. Ikamwagikia kwenye paji la uso, ikateremka, ikaingia kwa yale matundu ya juu. Alikuwa amevaa kila kitu tulichomwambia avae. Tukamkimbiza bombani tukamwosha dakika 15 za saa, kope zimeshikwa wazi, analia anataka kuacha na mi namwambia bado mwanangu, bado kidogo, kisha hospitali. Jicho lilipona, namshukuru Mungu kila nikikumbuka.

Na ile ilikuwa besi, kinyume cha asidi. Wanafunzi wanaogopa asidi kuliko kitu chochote lakini kwa jicho kostiki ni mbaya zaidi, kwasababu asidi nyingi zikigusa zinagandisha protini za juu na ule mgando unazizuia kidogo zisizame, ila kostiki inayeyusha mafuta ya seli, kazi ile ile inayoifanya kwenye sufuria ya sabuni, na inaendelea kuingia ndani. Kwahiyo mtu asikwambie hii ni taitresheni tu hakuna hatari.

Basi kabla ya mwaka wa masomo wa 2023/24 kuanza nikarudi sokoni na nikajua nachotafuta. Miwani ninayoizungumzia hapa ni ile yenye kioo cha polikaboneti, plastiki ngumu inayoonyesha, pembeni mpira laini unaokaa kwenye ngozi, na matundu ya hewa yana vikofia juu yake, yaani hewa inaingia kwa kupinda kona, tone la maji haliwezi kupiga kona hivyo linabaki nje. Hicho kikofia ndo unachokilipia. Duka la kwanza walisema 15,000, la pili 13,000, nikachukua 40 kwa 11,500 kila moja na risiti ya mashine nikapewa. Jina la duka naliacha maana kuna mambo mawili matatu hapo chini sio mazuri, na ukweli ni kwamba aina hii ipo maduka mengi ya vifaa vya usalama, cha msingi ujue kuisoma.

Kuisoma ni hivi. Kwenye fremu tafuta EN 166, yaani kiwango cha Ulaya cha miwani ya kinga, halafu namba. Namba 3 maana yake imepimwa kwa matone na kurukiwa na vimiminika, hiyo ndo namba yetu. 4 ni vumbi la chembe kubwa, 5 ni gesi na vumbi laini. Herufi F au B zinahusu kupigwa na kitu kinachoruka, F nguvu ndogo, B nguvu ya kati. Kwenye kioo ukiona N basi kimepimwa kwa kutoshika ukungu. Ukikuta za mfumo wa Kimarekani imeandikwa Z87, basi tafuta D3, hiyo ndo ya matone. Nimeshaona miwani nzuri ya kung'aa imeandikwa F peke yake na muuzaji anaapa ni ya kemikali, hapana, hiyo inazuia kipande cha chuma, haizuii tone linalotoka juu.

Sasa maandishi yanaweza kuchapwa na yeyote, kwahiyo mi nilipima. Dukani niliomba kichupa cha maji, nikakunja tishu kavu nikaipachika kwa ndani, nikamvalisha kijana wa duka, nikamwagia maji kuanzia kwenye nywele. Tishu ikatoka kavu. Ile ya 3,500 tulipoijaribu hapo hapo tishu ikalowa chapa, na yule kijana mwenyewe akashangaa, akasema kaka sisi tunaziuza kila siku hatukuwahi kujua. Nilivyofika maabara nikafanya kubwa zaidi. Nikaazima kichwa cha sanamu, vile vya saluni vya kuwekea mawigi, nikakiwekea machoni tishu zilizoloweshwa fenoftalini, dawa isiyo na rangi inayogeuka pinki ikiguswa na besi, nikakivalisha miwani, nikanyunyizia kaboneti ya sodiamu ya maji maji, ambayo ni besi, mbele, juu na pembeni. Ikipenya hata tone moja tishu inakuwa ya pinki. Nilipima zote 40 mchana mzima. Zilizofeli ni 3, na zote tatu nilipozigeuza nikakuta vikofia vimedondoka, pengine kwenye usafiri. Siku hizi lile jaribio nalifanya mbele ya wanafunzi siku ya kwanza kabisa, namwita mmoja anyunyizie, ile tishu ya miwani mbaya inapogeuka pinki darasa zima linanyamaza. Baada ya hapo sihitaji kumfokea mtu.

Tatizo lake kubwa ni joto. Dar mnaijua, Februari chumba kina watu 40, vichomeo vinawaka, feni tatu na moja haizunguki, na miwani inayoziba vizuri ndo hiyo hiyo inayofungia jasho ndani. Wiki za mwanzo kioo kilikaa safi kabisa nikafurahi. Ilipofika wiki ya saba hivi ukungu ukaanza, na chanzo nilikiona kwa macho yangu, watoto wanafuta kioo kwa ndani na pindo la koti. Ule utando wa kuzuia ukungu haupendi kusuguliwa, ukishachubuka ndo umeisha. Na mtu asiyeona ngazi za bureti atafanya kitu kimoja tu, anaipandisha miwani kwenye paji, anainama, anasoma, macho wazi kabisa mbele ya asidi. Ukisimamia praktiko kwa muda utakubaliana na mimi, miwani isiyovalika ni sawa na hakuna miwani. Tulichofanya: tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo, unapaka kwa kidole kilicholowa, unasuuza kidogo, unaacha ikauke bila kufuta, inasaidia karibu kipindi chote. Na tukaweka ruhusa ya wazi kwamba ukizidiwa unaaga, unatoka koridoni, unavua, unapunga upepo, unarudi. Kabla ya hiyo ruhusa walikuwa wanajificha nyuma ya rafu kuvua, jambo ambalo ni hatari mara mbili.

Mabinti wanaovaa hijabu walinifundisha kitu ambacho hakiko kwenye maelekezo ya boksi lolote. Lastiki ikipita juu ya kitambaa kinachoteleza inapanda taratibu, miwani inalegea chini karibu na shavu na wewe huoni. Mmoja wao akaja siku ya pili amevaa kile kikofia cha pamba cha ndani, lastiki akaipitisha juu ya kikofia na chini ya mtandio, ikatulia saa tatu nzima. Sasa ndo ushauri tunaoutoa kwa wote, pamoja na ncha za mtandio kuingizwa ndani ya koti. Wenye rasta nene nao lastiki ipite chini ya fundo. Wenye miwani ya macho wanavaa hii juu yake vizuri tu kama fremu zao sio pana sana, katika darasa letu ni wawili waliobanwa na tukawatafutia pana zaidi.

Usafi. Miwani moja kwetu inavaliwa na makundi matatu kwa wiki, na Januari 2024 ule ugonjwa wa macho mekundu uliposambaa Dar nilipata hofu kweli, nikasimamisha kugawana kabisa mpaka tukapanga utaratibu. Tunaosha kwa sabuni, tunasuuza, tunatumbukiza kwenye jiki iliyochanganywa na maji mengi kwa dakika chache, tunasuuza tena, tunaning'iniza kwa lastiki zikauke zenyewe. Mpira haujapasuka wala kugeuka njano mpaka leo, hapo naipa maksi zote. Ila fanyia kwenye ndoo yake peke yake, sio kwenye sinki la maabara ambalo mtu katoka kumwaga asidi sasa hivi, maana jiki na asidi vinatoa gesi ya klorini. Na asetoni isiisogelee! Nilikuwa nimeandika namba kwenye vioo kwa maka peni, msaidizi mmoja akataka kuzifuta kwa nia njema kabisa, akachukua asetoni, vioo 6 vikapata nyufa nyufa na weupe kama barafu. Polikaboneti haiwezani na asetoni. Namba sasa ziko kwenye lastiki.

Huduma ya dukani nusu kwa nusu. Kuruhusu nipime na maji kaunta ni jambo la kusifiwa, wengi wangenifukuza. Lakini nilivyorudisha zile 3 zisizo na vikofia kulikuwa na bango la mali ikiuzwa hairudishwi, ikabidi nirudi mara mbili na tishu yangu ya pinki ndani ya mfuko wa nailoni niwaonyeshe, mwenye duka ndo akakubali kubadilisha. Nilichukua pia mipira ya kunyonyea pipeti (yale mabomba membamba ya kuvuta na kupimia kimiminika), ni ya kawaida, baada ya muhula mmoja inakakamaa na kuvuja, ila nunua tu, watoto wengi wanatoka sekondari wamezoea kuvuta pipeti kwa mdomo na hilo lazima life siku ya kwanza.

Makoti yao msinunue. Waliniambia pamba asilimia mia. Nikachomoa uzi kwenye pindo nikauwasha, pamba inaungua ikabaki jivu lenye harufu ya karatasi, huu wangu ukayeyuka ukawa kishanga kigumu cheusi. Hiyo ni poliesta, ikishika moto inagandia kwenye ngozi. Desemba 2008 huko UCLA, Chuo Kikuu cha California kilichopo Los Angeles, Marekani, msaidizi wa utafiti Sheri Sangji alikuwa anahamisha kemikali inayowaka yenyewe ikikutana na hewa, hakuwa amevaa koti la maabara, sweta lake lilikuwa la nyuzi za kiwandani, likashika moto, akafariki Januari 2009 akiwa na miaka 23. Wanafunzi wangu ni rika hilo hilo na wadogo zaidi. Makoti nimeyashonesha kwa fundi, kitambaa cha pamba nimekinunua mwenyewe baada ya kukichoma uzi.

Kwa ujumla miwani yenyewe naipa 4 kati ya 5. Moja nimeitoa kwa ajili ya ukungu, kwasababu kwa hali ya hewa yetu ule utando ulipaswa kustahimili angalau muhula mzima. Kwenye kuzuia matone sina lalamiko. Mwezi wa tano kijana mmoja alirukiwa na asidi ya haidrokloriki wakati anachomoa pipeti kwenye mpira, ilimpata upande wote wa kulia wa kioo, akatoka nje, akaosha uso kwanza na miwani ikiwa bado usoni kama tulivyomfundisha, ndo akavua. Ndani kulikuwa kukavu.

Kama we ni mwanafunzi na una hela ya kitu kimoja tu, nunua hii kabla ya koti, koti unaweza kuazima kwa mtu wa kundi lingine. Nenda na tishu mfukoni. Muuzaji akikataa usipime nenda duka linalofuata, yako mengi. Na kama unasimamia maabara, shusha zile stendi za bureti, mi nimeweka vigoda virefu vya mbao kila meza na sheria kwamba bureti inajazwa ikiwa chini ya kidevu, faneli imeinuliwa kidogo kwa vidole ili hewa itoke, ikijaa faneli inatolewa. Muhula ujao naongeza miwani 20 za aina hii hii, na kile kichwa cha saluni sijakirudisha, nimekinunua.