Picha au sauti: ushahidi upi kwa ndege adimu wa msituni?

Ukikutana na ndege mwimbaji adimu katika msitu wa pwani, muda unaoupata ni mfupi mno. Unyanyue kamera, au uwashe kinasa sauti?

Picha hutunza yale ambayo kumbukumbu huyapotosha haraka: rangi ya miguu, mstari juu ya jicho, michirizi ya bawani. Hata picha yenye ukungu ina thamani ikiwa urefu wa mkia unaonekana. Tabu ni msitu wenyewe. Mwanga unaopita majanini huyatia manyoya ukijani usio wake, na lenzi hung'ang'ania tawi la mbele huku ndege akiruka zake.

Sauti haizibwi na majani. Mwaka 1768, Gilbert White, kasisi wa Uingereza, aliandika kwamba ametenganisha aina tatu za ndege wadogo wanaofanana sana, kila mmoja na wimbo wake. Leo simu inatosha. Rekodi kwa faili la aina ya WAV, maana faili la MP3 hutupa sehemu ya sauti, na utaje saa na mahali mwishoni, ndege akishanyamaza. Mawimbi ya bahari hunguruma kwa sauti nzito, nyimbo nyingi za ndege huwa za sauti nyembamba zaidi, kwa hiyo ngurumo huchujika baadaye. Ila jihadhari: wapo ndege wanaoiga wenzao.

Mimi huanza na sauti, kisha kamera. Tafadhali usimpigie ndege rekodi ya wimbo wake ili asogee, hasa msimu wa kutaga. Ataacha kiota kumfukuza mpinzani asiyekuwepo.