Eti nisipumulie kioo

Shikamoo sikupewa, hiyo naiacha. Lakini kuambiwa "Mama, usipumulie kioo" mbele za watu, hiyo nimelala nayo na nimeamka nayo.

Yalikuwa maonyesho ya vito vya mkusanyaji mmoja, hapa hapa Mwanza, upande wa Capri Point, wiki mbili tatu zilizopita. Jina la ukumbi nalihifadhi. Kiingilio nilitoa mwenyewe. Nilitokea Mwaloni na dagaa wangu kikapuni, na pale mlangoni kikapu kikasogezwa kando kwa vidole viwili kana kwamba kina nyoka. Nikameza.

Kisa chenyewe ni bizimu moja ya rubi, lile pambo la kubana kwenye nguo. Mimi ni mtoto wa sonara, nimekulia chini ya meza ya kazi kule Makoroboi, nikiokota chenga za dhahabu kwa kidole kilicholowa mate. Marehemu baba alikuwa akisema, kito usikitazame chenyewe, tazama kimeshikwa na nini. Basi nikatafuta makucha, vile vidole vya dhahabu vya kushikia jiwe. Hakuna! Rubi zimelala ubavu kwa ubavu kama vigae, wekundu mtupu, hata uzi wa dhahabu hauonekani katikati. Nikainama. Nikainama zaidi. Pumzi ikaacha ukungu kwenye kioo, mdogo tu, kama sarafu ya shilingi mia.

Kijana akaja na kitambaa. Akafuta kwanza, ndipo akatoa lile neno lake.

Nikamuuliza, kwa upole ambao sasa naujutia: "Mwanangu, hizi zimeshikwaje?"

"Gundi maalumu, mama."

Gundi! Van Cleef & Arpels, masonara wa Paris, waliusajili ufundi huo wa kuficha mshikio Ufaransa mwaka 1933, watu wenye akili zao, leo wanaitwa wapaka gundi. Kila jiwe linachongwa mfuo ubavuni, halafu linasukumwa kwenye reli nyembamba za dhahabu zilizojificha chini. Baba alinionyesha nikiwa darasa la tano, kwa vipande vya sabuni ya mche na waya. Sabuni ilivunjika mara nne. Sasa fikiria rubi.

Nikajaribu tena, maana mimi nami sikomi. Nikauliza kama wana japo picha ya ile almasi ya rangi ya waridi ya Mwadui, iliyochimbwa 1947 ikiwa na karati 54.5, ikakatwa ikabaki 23.6, na mwaka 1953 masonara wa Cartier wakaiweka katikati ya bizimu ya ua la Malkia Elizabeth. Mwadui ni hapo Shinyanga tu, unapanda basi asubuhi unakula mchana huko. Akanijibu, "Hayo ni mambo ya Uingereza, mama."

Kwa hiyo wanaoniuliza waende au wasiende, jibu langu la siku ile lilikuwa msiende, pesa hiyo kaleni sato.

Ila nisiwe mchoyo wa kweli. Ile bizimu ningeilipia kiingilio mara mbili. Katika miaka yote ya kukaa na masonara sikuwahi kuuona ufundi ule kwa macho yangu, nilikuwa naujua kwa sabuni tu. Taa zao pia walizipanga vizuri, jiwe linawaka bila kukuumiza macho. Na yule kijana pengine kapewa kitambaa na posho, hakuna aliyemkalisha chini akamweleza anachokilinda. Nilikuwa nimeshaanza kumsamehe.

Halafu nikakumbuka yule bwana wa suti. Aliegemea kabati lile lile, kiwiko chote juu ya kioo, akapiga picha mpaka akachoka. Yule yule kijana akamshikia mkoba!

Nendeni, sawa. Lakini msimuulize mtu kitu. Mimi Jumamosi narudi, kuna upande wa chini wa ile bizimu sikuutazama vizuri. Nitavaa barakoa.